Subaru yako ikienda autokrosi, anza na sampu

Wateja wengi wenye Subaru Impreza hutufikia siku chache kabla ya autokrosi, yale mashindano ya kukimbiza gari kwenye uwanja wenye kona nyingi, wakitaka tuongeze presha ya tabo. Sisi huanza chini, kwenye sampu, ile trei ya oili iliyo chini ya injini. Injini nyingi za EJ (aina ya injini za Subaru) tunazofungua baada ya mashindano nguvu zilikuwa nazo tele. Kilichoziua ni beringi za konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki, kukaukiwa oili.

Sampu ya gari la kawaida imetengenezwa kwa ajili ya barabara. Ukikata kona kwa kasi, oili yote hukimbilia upande mmoja. Kwenye lami, tairi nzuri hulishika gari kwa nguvu inayokaribia uzito wake, na hapo uso wa oili hulala karibu nyuzi 45. Mdomo wa bomba la kunyonyea unabaki wazi, pampu inavuta hewa, presha inaporomoka. Injini ikiwa kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, krenki, shafti kuu ya injini, inazunguka mara 100 kila sekunde, kwa hiyo sekunde moja bila oili ni mizunguko 100 mikavu. Na kwa kuwa silinda za Subaru zimelala, kona ndefu husukuma oili hadi kwenye silinda hedi ya upande wa nje, nayo huchelewa kurudi.

Taa nyekundu ya dashibodi haitakuokoa. Huwaka presha ikishakaribia sifuri, na kwa kasi hiyo beringi zimeshaumia. Funga geji ya presha. Mafundi wengi hutaka takriban psi 10 (psi ni kipimo cha presha) kwa kila mizunguko 1,000, oili ikiwa moto. Sindano ikianguka kila ukiingia kona ileile, tatizo umeliona kwa macho yako.

Kinga ya bei rahisi ni kijiti cha kupimia oili. Kati ya alama ya chini na ya juu kuna karibu lita moja, na injini yote inabeba lita nne na kitu. Kwa hiyo jaza hadi alama ya juu, na upime tena kila unapotoka uwanjani. Ukizidisha mno, krenki huipiga oili mpaka inatoa povu, na povu halilindi beringi. Kuweka oili nzito zaidi nako si dawa, kwani kwenye kona nayo inahama vilevile.

Tukishusha sampu tunatazama kwanza bomba la kunyonyea. Mtikiso hulipasua pale lilipoungwa, na ufa wenyewe huuoni mpaka ulisafishe kwa petroli na kulimulika. Kisha tunafunga vizuizi vyenye vilango vinavyofunguka kuelekea kwenye bomba tu: oili inaingia, haitoki. Kwa autokrosi ya vumbi, ambako tairi huteleza mapema, magari mengi hayahitaji zaidi ya hapo, ila bamba la kukinga sampu ni lazima. Jiwe likiibonyeza sampu, bati huziba mdomo wa bomba, na presha inakufa hata ukiwa umenyoosha njia. Akyumuleta ya oili, ile silinda inayoachia oili ya akiba presha ikishuka, tunamshauri anayekimbia kwenye lami yenye kona ndefu.

Kuishusha sampu inabidi tuinyanyue injini kidogo, kwa hiyo gari litalala kwetu. Tafadhali usilete siku ya kuamkia mashindano: gundi ya sampu inahitaji usiku mzima kukauka kabla ya kumimina oili.