Barua kwa Zuhura kuhusu macho ya mtoto

Langoni, Lamu

Kwako shoga yangu Zuhura,

Huku sote wazima, mama anakusalimia sana. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Bibi anahofu kwamba mtoto akifanyiwa operesheni ya makengeza, misuli ikakatwa ikashonwa pengine, mkono wake hautajua kikombe kiko wapi. Bibi hajakosea kuuliza. Wataalamu wenyewe wamelibishania jambo hilo, yaani ubongo hujuaje jicho limeelekea wapi, zaidi ya karne nzima.

Jaribu hivi. Funga jicho moja, la pili liguse taratibu kwa kidole juu ya kope, pembeni. Ukuta utauona unacheza. Sasa ligeuze jicho lenyewe bila kidole: ukuta umetulia. Mwanasayansi Mjerumani, Helmholtz, alisema ubongo unaijua amri uliyoitoa, na kidole hakikupitia kwake. Mwenzake Mwingereza, Sherrington, akashikilia kwamba misuli nayo, sita kwa kila jicho, hurudisha habari imevutika kiasi gani. Mimi hilo la pili nalihisi kila jioni: nikitia uzi sindanoni nishone kofia, macho yanavutana kuelekea puani, nikiinua uso kutazama jahazi linalopita upande wa Manda, yanalegea. Kwa vitu vya karibu, ubongo hupima umbali kwa mvutano huo pia.

Lililonituliza roho ni hili. Mwaka 1981 Steinbach na Smith wa Kanada walitoa uchunguzi wa watu waliotoka kwenye operesheni kama hiyo. Kabla jicho halijapata nafasi ya kuzoea kuona upya, waliambiwa waonyeshe kitu kilipo, mkono wao wenyewe hawauoni. Waliopasuliwa mara ya kwanza walielekeza vizuri. Ina maana jicho lilishatoa habari kwamba limehamishwa! Waliorudiwa operesheni ndio waliokosea, na watafiti wakaona huenda kukatwa tena kumeharibu sehemu zenye hisia kule msuli unakoshikana na jicho.

Mwanao ndiyo mara yake ya kwanza, Zuhura. Muulize daktari yote haya, usione haya, lakini usiahirishe: jicho la mtoto likiachwa limepinda, ubongo unaweza kuzoea kulipuuza, nalo likadhoofika.

Niambie siku. Nitavuka Mokowe alfajiri nipande basi la Malindi, nikae na bibi nyumbani wewe ukiwa hospitali. Kofia ya mtoto imebaki sehemu ya juu tu, nitakuja nayo.

Wako,
Mwanakombo