Shukrani kwa dada wa Mikindani

Dada uliyekuja likizo kwa jirani zetu hapa Mikindani, hukutaka nikutaje jina, lakini ahsante yangu naitoa hadharani. Binti yangu wa darasa la kwanza alikuwa akiona alama ya kutoa tu, machozi. Wewe ulichora zizi mchangani, ukapanga korosho ghafi kumi: hawa ndio mbuzi. "Fisi kachukua watatu, wamebaki wangapi?" Alipokosea hukumkaripia, ulimwambia awarudishe mbuzi zizini, ahesabu upya, akigusa mmoja mmoja. Saba! Hapo ndipo alipofunguka. Mkahamia miguu ya kuku, miwili miwili. Sasa anamfundisha mdogo wake. Wazazi wenzangu, korosho tunazo na mchanga upo, tukae chini na watoto. Mungu akuzidishie, dada.