Boti isipokelewe kabla volti hazijapimwa

Mhariri,

Boti za fiber zinazokopeshwa vikundi vya wavuvi huja na orodha ndefu ya vifaa: GPS, fishifainda (chombo cha kuona samaki na kina), redio ya mawasiliano ya VHF, taa za LED. Kwenye orodha hiyo ni nadra kuona waya, fyuzi, boksi la betri wala malipo ya fundi. Hayo huachiwa kikundi kijitafutie, au hufungwa harakaharaka ili boti iwahi siku ya kukabidhiwa. Kusi moja ikipita, inasemwa vifaa vimekufa na wavuvi hawajui kutunza. Sisi mafundi tunaovifungua vifaa hivyo tunasema vingi ni vizima, na mvuvi anayelaumiwa hakuwa na namna ya kuliona kosa, kwa sababu limejificha ndani ya ganda la waya.

Tuanze na redio, maana ndiyo inayotupwa mapema. Malalamiko ni yaleyale: inasikia vizuri, lakini ukibonyeza kuongea inazimika au inajiwasha upya. Redio ya wati 25 ikiwa inasikiliza hula kama nusu ampea tu. Ikirusha hula ampea 5 hadi 6. Chukua boti ya mita 9 yenye betri tezini, yaani nyuma, na redio kwenye kibanda cha mbele. Waya unakwenda mita 6 na kurudi mita 6, jumla mita 12. Ukiwa ni ule mwembamba wa spika, wa milimita za mraba 0.75, ampea 6 zikipita unapoteza karibu volti 1.8 njiani. Waya wa 1.5 unapoteza karibu 0.9, wa 2.5 unapoteza 0.5, wa 4 unapoteza 0.3. Betri ambayo haijajaa sana, ikibebeshwa mzigo huo, inabaki na volti 12.1 hivi. Redio nyingi za boti zimeundwa kwa volti 13.8 na huvumilia kushuka hadi kama 11.7. Piga hesabu mwenyewe: kwa umbali huo ni waya wa 4 pekee unaofikisha umeme wa kutosha. Huo wa spika unafikisha volti 10.3, na hapo redio inazimika siku yenye dhoruba, wakati nahodha anaihitaji kuliko siku nyingine zote.

Kupima ni kazi ya dakika chache kwa multimita (kipimo cha umeme) ya bei ndogo, ila lazima mzigo uwe unavuta. Hapa hata mafundi wazuri wa nchi kavu huteleza. Waya uliobakiwa na uzi mmoja mzima utakuonyesha volti zote za betri ukiupima redio ikiwa imezimwa. Weka multimita kwenye volti za DC. Ncha moja iguse kichwa cha chanya cha betri, nyingine iguse chanya pale waya unapoingia kwenye redio, kisha mwenzako abonyeze kuongea kwa wati 25 kwenye chaneli ya kazi, wala si chaneli ya 16, ambayo ni ya dharura. Namba inayotokea ndiyo volti zinazopotea upande huo. Ikizidi 0.2, acha ncha ya kwanza kwenye betri, ya pili uirudishe nyuma kiungio kwa kiungio: baada ya swichi, kabla ya swichi, baada ya fyuzi, kabla ya fyuzi. Namba inaposhuka ghafla, kasoro iko kati ya hapo na pale ulipotoka kupima. Halafu rudia yote upande wa hasi, ambao wengi huusahau. Asiye na multimita aiweke redio kwenye wati 1: ikirusha vizuri kwa wati 1 na kuzimika kwa 25, redio ni nzima, atafute waya na betri.

Waya wa nyumbani wenye uzi mmoja mgumu haufai botini, kwa sababu mtikisiko wa mashine unaukata ndani bila ganda kuonyesha alama. Unatakiwa waya wa nyuzi nyingi nyembamba, wa shaba iliyopakwa bati. Dukani kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiwa mweupe nje na mwekundu ndani, ni shaba yenye bati. Ukiwa mwekundu nje na mweupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, uache hapohapo. Shaba tupu isiyo na bati ni afadhali kuliko alumini, lakini chumvi huingia kupitia ncha iliyo wazi na kupanda ndani ya ganda. Ukiuchuna waya kama huo sentimita 20 kutoka kwenye kiungio bado unakuta weusi na unga wa kijani. Ukifika hapo usikwangue ukaunga tena. Kata hadi ukute shaba inayong'aa, na usipoikuta badilisha waya wote.

Kiungio cha kusokota kwa vidole na kuzungushia tepu nyeusi ndicho chanzo kikubwa cha kasoro tunazozikuta. Tepu hulegea kwa jua, maji ya chumvi yanaingia na hayatoki. Tumia lagi, kile kichwa cha chuma cha kubana kwenye ncha ya waya, ya saizi ya waya, ibane kwa koleo lake na si kwa pulaizi, kisha vuta kwa nguvu. Ikichomoka ilikuwa haijabanwa. Funika kwa mpira wa kusinyaa kwa joto wenye gundi ndani, na usiridhike mpaka uone gundi inachungulia pande zote mbili. Kulehemu kwa risasi peke yake hakutoshi, kwani waya unakuwa mgumu hapo na kukatika pembeni mwa risasi. Na ile silikoni inayonuka siki isikaribie waya: asidi yake inakula shaba. Viungio vyote vikae juu, mbali na maji ya ngama, yale yanayotuama chini ndani ya boti, na waya ufungwe kila baada ya sentimita 40 hivi usicheze.

Fyuzi ikae ndani ya sentimita 18 kutoka kichwa cha chanya. Inalinda waya kabla ya kulinda kifaa. Fyuzi ikiwa kule kwenye redio na waya ukachunika karibu na betri, hakuna kitakachokata umeme mpaka ganda liwake, na tenki la petroli liko hatua mbili. Kwa kawaida redio hutaka fyuzi ya ampea 10 na fishifainda ya ampea 3, ila kitabu cha kifaa ndicho cha kufuatwa. Anayeweka kipande cha waya badala ya fyuzi iliyokatika ameondoa ulinzi wote. Fyuzi za akiba ziwe botini, kwenye kopo kavu.

Kuhusu betri, hesabu ya usiku wa saa 10 ni hii: fishifainda ampea-saa 8, redio ikisikiliza 5, kurusha kwa jumla ya robo saa kama 1.5, taa za njia za LED 5. Jumla ni 19 na ushee. Betri isishushwe chini ya nusu, kwa hiyo ya ampea-saa 40 ndiyo ya kuanzia, na iwe aina ya sola. Ya gari imeundwa kuwasha injini na huchoka upesi ikinyonywa hadi chini. Ikitulia bila mzigo, 12.7 ni betri iliyojaa na 12.2 ni nusu. Paneli ya wati 50 hurudisha kama ampea-saa 13 kwa siku yenye jua, kwa hiyo haitoshi. Wati 100 inatosha, pamoja na chaji kontrola. Mashine za kuvuta kamba zenye koili ya taa hutoa umeme wa AC usiotulia, usiunganishwe na betri bila kirekebishi chake. Betri ikae ndani ya boksi lenye tundu la hewa, imefungwa mkanda, mbali na petroli. Kama mashine inawashwa kwa betri hiyohiyo, washa vifaa baada ya mashine kuunguruma.

Fishifainda ina tatizo lake la pekee, nalo ni mahali pa kufunga transdyusa, kile kidude cheusi kinachokaa majini. Boti ikisimama picha ni safi, ikikimbia picha inapotea: hiyo ni hewa inayopita chini yake. Ifungwe kwenye ubao wa nyuma angalau sentimita 40 kutoka kwenye propela, upande wa kulia kwa mashine ambazo propela huzunguka kama saa, na isiwe nyuma ya mkanda wala msumari unaokoroga maji. Kwa boti ya fiber uso wake uteremke milimita 3 hivi chini ya sakafu ya nje ya boti. Ikiendelea kupoteza picha, ishushe milimita chache ujaribu tena. Kwenye fiber isiyo na povu ndani inaweza pia kugandishwa kwa epoksi kwa ndani, bila kiputo hata kimoja. Kwenye mbao haiwezekani, mawimbi yake ya sauti hayapiti, kwa hiyo wenye madau na mitumbwi waitoe nje. Waya wa transdyusa haukatwi kufupishwa, na usilazwe pamoja na waya za mashine wala za antena.

Wavuvi wa dagaa wana adui mwingine: taa za LED za bei rahisi. Kidhibiti umeme kilichomo ndani yake hutoa kelele zinazoziba redio. Taa zikizimwa, zungusha kitufe cha kunyamazisha mchwau, ule mvumo wa redio isiyopokea mtu, mpaka redio inyamaze; kisha washa taa. Mchwau ukirudi, ujue chombo cha mbali hutakisikia hata kikiita msaada. Taa zipewe betri yake, waya wa chanya na hasi usokotwe pamoja, na antena ihamishiwe mbali. Kama bado, badilisha taa.

Kwa antena, kimo kina maana kuliko wati. Vyombo viwili vyenye antena mita 3 juu ya maji husikiana kama kilomita 14. Vikipandisha hadi mita 5, kama 18. Kuongeza nguvu ya redio hakuvuki upeo wa macho. Plagi ya antena izibwe maji yasiingie, na redio isirushwe bila antena, inaweza kuungua. Spika ya redio ina sumaku, hivyo iwe mita moja kutoka kwenye dira. Na kile kitufe chekundu cha dharura hakifanyi kazi mpaka redio iingizwe namba yake ya tarakimu 9 (MMSI), na bila kuunganishwa na GPS hakiwezi chenyewe kutaja mahali boti ilipo. Tumeona redio nyingi zikikabidhiwa bila namba hiyo, na hilo ni jambo la kusikitisha sana, kwa sababu wavuvi wanaamini kitufe kitawaokoa.

GPS yenyewe haina shida kubwa, ila mpangilio wa namba. Simu ikikupa latitudo 7.45500 na wewe ukaingiza kwenye GPS 7° 45.500', umekosea maili za baharini 18, karibu kilomita 34. Desimali hiyo kwa dakika ni 7° 27.300'. Kikundi kizima kichague mpangilio mmoja. Anayechukua alama kwenye ramani za zamani zilizochorwa kwa mfumo wa vipimo wa Arc 1960 ajue zinatofautiana na mfumo wa WGS 84 unaotumiwa na GPS kwa takriban mita 300, umbali unaotosha kukupandisha mwambani.

Tunachoomba kwa wanaotoa mikopo na zabuni za boti ni maneno machache kwenye mkataba. Waya wa shaba yenye bati utajwe kwa saizi na mita, pamoja na fyuzi, boksi la betri na mchoro wa umeme uliowekwa ndani ya plastiki. Na siku ya kukabidhi, boti ikiwa majini, mashine imezimwa, taa zote na fishifainda vikiwa vimewashwa, mtu abonyeze redio kwa wati 25 huku mwenyekiti wa kikundi akiangalia multimita nyuma ya redio. Ikisoma chini ya 11.7, asisaini.

Mafundi umeme wa boti,
Bagamoyo