Asante, mzee wa ovaroli ya buluu

Mzee wangu uliyeketi kwenye benchi nje ya duka la spea pale Kirinyaga Road, Nairobi, Jumamosi, jina sikukuuliza, na hata ya chai ulikataa. Basi pokea shukrani hapa.

Nilikuwa na bomba jipya la kuingiza hewa kwenye injini, la alumini, lenye tundu la sensa ya joto. Aliyelichomelea aliniapia tundu ni M10 kwa 1.0, yaani kipenyo milimita 10, na milimita moja kutoka thredi (jino la skrubu) hadi thredi. Sensa ikaingia mizunguko miwili, ikakwama. Nikanyoosha mkono kuchukua spana. Ukanishika: "Kijana, kikikataa usikilazimishe."

Ukapima thredi. Kumbe sensa ni 1/8 NPT, kipimo cha Kimarekani cha thredi za mabomba: kipenyo kama milimita 10.3, thredi 27 kwa inchi, tena imechongoka kuelekea ncha. Tundu lilikuwa na thredi 25 na ushei kwa inchi. Kwa macho ni mapacha! Ningekaza, alumini ingeng'oka meno yote, maana shaba ya sensa ni ngumu kuliko yenyewe.

Ukanipeleka kwa fundi wa leti, mashine ya kuchonga vyuma, akachonga kishikio kipya cha sensa chenye thredi sahihi. Ukanionya nisikaze kupita kiasi, NPT hujibana yenyewe. Nimekaza kwa adabu, mzee. Haivuji.