Barua kwa Baraka: projekta, spika na maneno ya Mjomba

Berlin, Jumapili usiku

Baraka mdogo wangu,

Nimesikiliza sauti zote tatu ulizonitumia, hata ile ambayo Mjomba Zakayo anafoka nyuma yako. Mama asalimiwe kabla ya wote. Mwambie ile dawa nimeshaulizia. Hapa ni baridi tu, kazi ipo.

Shilingi 45,000 ulizoomba ununue projekta, muwaonyeshe watoto Jurassic Park, ile sinema ya dinosaria, hapo ukumbini, sitoi. Usinune kwanza, soma mpaka mwisho. Nimetuma 22,000 kwa simu ya Mama, si kwa yako, na sababu unaijua tangu mambo ya ile deki ya Baba. Projekta kodisha mjini usiku mmoja. Zinazobaki zote ziende kwenye spika na mapazia, kwa kuwa Jurassic Park ni sinema ya giza na sauti, na ukikosa hivyo viwili watoto watacheka kweli, Mjomba apate la kusema mpaka Krismasi ijayo.

Mjomba anasema eti sinema ya 1993 imepitwa, "yote ni kompyuta". Mwambie hivi. Sinema ni ya dakika 127, na dinosaria wenyewe wanaonekana kama robo saa tu. Sehemu kubwa ya hiyo robo saa ni mitambo, yaani sanamu zinazoendeshwa kwa mashine, kutoka karakana ya Stan Winston. Yule T. rex, dinosaria mkubwa mla nyama, alikuwa na urefu wa karibu mita 12, mifupa ya chuma, misuli ya haidroliki, ngozi ya mpira wa povu. Kwenye mvua ngozi ile ilifyonza maji kama sponji, uzito ukapita ule aliotengenezewa, akaanza kutetemeka ovyo. Mafundi wakawa wanamkausha kwa taulo kila kamera ikisimama. Kompyuta gani hiyo ya kupanguswa kwa taulo?

Kompyuta ziliingia pale mnyama mzima alipohitajika kutembea au kukimbia. Kazi hiyo ilikuwa imepangiwa Phil Tippett, kwa sanamu ndogo zinazosogezwa kidogo kidogo, picha baada ya picha. Mwongozaji, Spielberg, alipoona majaribio ya ILM, kampuni ya picha za kompyuta, akageuza nia, lakini Tippett hakufukuzwa. Aliwekwa awaongoze wale wa kompyuta, maana yeye ndiye aliyejua mnyama mzito anavyotua mguu. Halafu usiku na mvua vikaficha kingo ambazo kompyuta ya wakati ule haikuweza kuzimaliza vizuri. Ndiyo maana T. rex anatisha mpaka leo, ilhali Brachiosaurus, yule mwenye shingo ndefu anayeonyeshwa mchana kweupe, umri wake unaonekana.

Sasa fikiria ukumbi wenu na zile taa za veranda. Projekta haitoi rangi nyeusi. Nyeusi ni ukuta ambao haujamulikwa. Mwanga wa nje ukipenya, usiku wote wa T. rex unakuwa kijivu. Kwa hiyo msianze kabla ya saa moja na robo jioni, mzibe madirisha kwa blanketi nzito, na yule bawabu aombwe kwa adabu azime taa. Picha iwe na upana wa mita 2, usizidishe kwa kiburi: ukiongeza upana mara mbili, mwanga ule ule unatandazwa kwenye eneo mara nne. Kwa projekta nyingi za kawaida upana huo unataka umbali wa karibu mita 3. Iweke sawa na kitambaa; ukiiinamisha, picha inapanuka upande mmoja.

Sauti ndiyo itakuumbua. Sinema hii ndiyo iliyoingiza mfumo wa sauti wa DTS kwenye kumbi za sinema mwaka 1993, sauti ikiwa kwenye diski pembeni ya mkanda. Jambo la kuchekesha ni kwamba projekta nyingi za bei rahisi mpaka leo hazisomi DTS: unachomeka flashi, picha inakuja, sauti hakuna, watu wanaanza kupiga miluzi. Tumia laptopu yenye programu ya VLC, sauti itoke hapo. Kisha chagua stereo. Maneno ya waigizaji mengi yamewekwa kwenye spika ya katikati, na ukiacha 5.1, yaani sauti iliyogawanywa kwa spika sita, huku una spika mbili, muziki utasikika na maneno yatapotea.

Wufa, ile spika ya besi, iweke chini, kwenye kona; kuta zinaongeza besi. Kile kikombe cha maji kinachotikisika kilitikiswa na waya wa gitaa uliofungwa chini yake garini, lakini watoto wanapaswa kukisikia kifuani kabla ya kukiona. Mngurumo wa T. rex una mtoto wa tembo, chui milia na mamba ndani yake. Baadhi ya sauti za wale raptor, dinosaria wadogo wanaowinda kwa kundi, ni kobe wakipandana. Hilo usimwambie Mchungaji.

Mtoto mjuaji atakuuliza, basi mjibu: Velociraptor halisi alikuwa na ukubwa wa bata mzinga, tena mwenye manyoya. Na yule mwenye shingo ndefu, mwambie mifupa ya binamu yake imesimamishwa makumbusho hapa Berlin, mita 13.27 kwenda juu, na dada yako ana kadi ya mwaka ya kuingia kumwona. Alitoka Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na mifupa ilibebwa na wapagazi mpaka bandarini. Zamani alihesabiwa kuwa Brachiosaurus, siku hizi anaitwa Giraffatitan. Kila nikisoma kibao chake natamani kusikia mtu akisema "Lindi" inavyopaswa kusemwa.

Mjomba mketishe mbele. Mwambie mlinzi wa wanyama ndani ya sinema, Muldoon, ametambulishwa kuwa anatoka Kenya. Mwigizaji ni Mwingereza, na analiwa, lakini hilo aligundue mwenyewe.

Mvua ikianza kupiga mabati msishindane nayo kwa volyumu, mtapasua spika. Simamisha, gaweni mandazi, ngojeni ipite. Halafu nirekodie hiyo mvua, hata dakika mbili.

Ijumaa jaribu mitambo yote, unipigie ukiwa ukumbini. Risiti mpe Mama.

Dada yako,
Neema