Kesho baiskeli mbugani Hell's Gate, Naivasha: someni kabla ya kulala

Wadau, tukutane lango la Elsa saa 1 asubuhi. Kiingilio lipeni leo kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali.

Tunazunguka njia ya Buffalo Circuit. Kupanda ni mapafu tu. Kazi iko kwenye mteremko. Majivu ya volkano yamelala kama unga, gurudumu la mbele linazama ghafla. Punguzeni upepo wa magurudumu kidogo, makalio nyuma ya kiti, breki ya mbele kwa kidole kimoja. (Mimi niliwahi kuibana yote, nikala vumbi mbele ya ngiri na watoto wake.)

Mkiona nyati njiani, simameni mbali, mjikusanye, mrudi polepole. Akiwa peke yake, hatari zaidi. Kengele na selfi hapana. Tyubu ya akiba kila mtu na yake, miiba ya migunga haina huruma.