Na aliyeshika kamera je?

Mhariri habari za kazi, mimi ukurasa wenu wa sinema ndio naanza nao kabla hata ya michezo, ila nina lalamiko moja. Mnatuandikia stering kavaa nini, kalipwa ngapi, kaachana na nani, mkijitahidi sana mnamtaja dairekta, lakini aliyeshika kamera hata jina hamumpi, utadhani picha zilijipiga zenyewe.

Chukueni mfano wa Greig Fraser, yule Mwaustralia. 2021 ikatoka Dune, majangwa ya Jordan na Abu Dhabi, jua mpaka ukiangalia unasikia kiu, na ndiyo iliyompa Oscar 2022. Mwaka huohuo 2022 ikaja The Batman, giza na mvua mwanzo mwisho, sura ya mtu unaiona nusu na bado unajua ana hasira. Mimi niliziona zote mbili sikujua kabisa kama ni mkono mmoja, nimekuja kumjua kwenye yale majina ya mwishoni ambayo watu wanakuwa washanyanyuka wanatafuta mlango. (Hiyo Batman kusema ukweli kuna sehemu giza lilizidi, nyumbani niliongeza mwanga wa TV na bado nikawa nakisia tu.)

Na kazi yenyewe mngeieleza watu wangesoma. Zote hizo mbili zilipigwa kwa kamera za dijitali, halafu zikahamishiwa kwenye mkanda wa filamu ule wa zamani, halafu mkanda ukaskaniwa ukarudishwa kwenye kompyuta, mzunguko wote huo ili picha ilainike isiwe na ule ukali wa dijitali. 2023 kaja na muvi ya maroboti, The Creator, kapiga yeye na Oren Soffer, na kamera yao ilikuwa Sony FX3, kikamera kidogo ambacho hata mpiga video za harusi anaweza kuwa nacho.

Sasa kilichonifanya nishike kalamu ni Dune ya pili, ya 2024. Ile sehemu ya uwanja wa mapigano kwenye sayari ya wabaya, kila kitu nyeusi na nyeupe, nyie mkaandika "rangi imetolewa kwenye kompyuta". Siyo hivyo jamani! Kamera zilirekebishwa zishike mwanga wa infraredi, ule ambao macho yetu hayauoni, ndo maana ngozi za watu pale zinaonekana kama nta, sio nyeusi na nyeupe ya kawaida hata kidogo, mtu ukitulia unaona tofauti.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo, mkichambua muvi jina la mpiga picha liwekwe chini ya la dairekta, mstari mmoja tu. Kama nafasi haitoshi kateni kule kwenye gauni la stering.

Msomaji wenu wa siku nyingi